Nisomee kazi ya kuunganisha jamii, au niendelee kuifanya tu?

Swali: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Nyalenda, Kisumu, huu ni mwaka wangu wa nne. Nazunguka nyumba kwa nyumba nikiandika nani ana mimba, nani anakohoa, mtoto gani hajachanjwa. Lakini kila mlango naambiwa habari za maji, vyoo na takataka, na hayo hayamo kwenye fomu yangu. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nilipata C-. Rafiki zangu wanasema nikachukue diploma ya maendeleo ya jamii. Binamu yangu aliye Marekani anasema kule vyuo vya jamii vina somo zima la kuunganisha jamii na utetezi, na yuko tayari kunitumia pesa kidogo. Je, masomo haya yana maana kwa mtu ambaye tayari yuko kazini, au nitalipa karo nifundishwe ninayoyafanya? Na kama yana maana, nitafute nini humo?

Jibu: Dada, soma. Ila usihame Nyalenda ili usome, na usichague kozi kwa jina lake.

Nianze na binamu yako, kwa sababu aliyokuambia ni kweli. Vyuo vya jamii vya Marekani ni vyuo vya umma vya miaka miwili. Kongwe kati ya vilivyopo ni cha Joliet, jimbo la Illinois, kilichoanza 1901. Mwanafunzi husoma krediti 60 hivi, hupata shahada ya miaka miwili, na akitaka huingia nayo chuo kikuu akaendelea na mwaka wa tatu. Katika baadhi ya vyuo hivyo, kuunganisha jamii na utetezi ni fani kamili: historia ya harakati za wananchi, sera na bajeti za serikali za mitaa, utafiti wa mtaani, uendeshaji wa mikutano, na saa nyingi za kazi katika shirika la ujirani. Lakini nguvu ya masomo hayo imo katika jambo ambalo tangazo la chuo halisemi. Chuo cha jamii kimejengwa kwa ajili ya watu wa pale pale. Mchana mwanafunzi yuko kazini, jioni yuko darasani, na mtaa anaousoma ndio mtaa anaolala. Wewe ukienda huko utapata vitabu vyote, karo ya mgeni ambayo huwa kubwa kuliko ya mkazi, na mtaa wa watu wengine. Kile ulicho nacho sasa, yaani nyumba 100 hivi zinazokufungulia mlango bila kuuliza umetumwa na nani, hakuna chuo kinachokitoa, wala hakipandi ndege.

Tuje kwetu. Katika vyuo vyetu vya ufundi, fani iliyo karibu na hiyo hupatikana kwa majina kama Maendeleo ya Jamii au Kazi za Ustawi wa Jamii. Alama yako ya C- inatosha kuingia diploma, ambayo katika mtaala wa umilisi huitwa Kiwango cha 6. Mwenye D huanzia Kiwango cha 5. Kisumu National Polytechnic iko hapo hapo mjini. Sigalagala iko kwenye barabara ya kwenda Kakamega. Msomaji wa Nakuru anayefuatilia jibu hili aanze kuuliza Rift Valley National Polytechnic, iliyokuwa ikiitwa Rift Valley Institute of Science and Technology. Nafasi huombwa kupitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, na mkopo huombwa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Kabla ya kulipa hata shilingi moja katika chuo cha binafsi, hakikisha chuo chenyewe na kozi yenyewe vimeidhinishwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi. Wapo vijana wenye vyeti vizuri vya kuning'iniza ukutani ambavyo mwajiri hawezi kuvipokea. Uliza pia kuhusu utambuzi wa ujuzi uliokwisha kuupata kazini, kwa sababu miaka minne ya kuzunguka mitaani ni ujuzi, na nchi sasa ina sera ya kuupima na kuutolea cheti.

Hayo ni ya makaratasi. Sasa nikuambie kinachonisumbua kuhusu kozi zenyewe, kwa maana ndicho unachopaswa kukiangalia kuliko ada na kuliko jengo.

Kozi nyingi za maendeleo ya jamii zimeundwa kumwandaa mtu wa kuajiriwa na mradi. Atajifunza kuandika pendekezo la ufadhili, kujaza jedwali la malengo na viashiria, kuandaa semina, kutoa ripoti ya robo mwaka. Ni ujuzi halali, na unalipa. Lakini katika mpango huo, mwananchi ni mtu wa kupokea. Mradi unakuja na maji, yeye anachota. Mradi ukiondoka, bomba linakauka, naye anasubiri mradi mwingine. Swali lako ni la namna nyingine kabisa. Watu wa Nyalenda wanalipa kodi na ushuru, wana kaunti yenye bajeti, na wana Katiba ambayo katika Kifungu cha 43 inawapa haki ya maji safi ya kutosha na viwango vinavyofaa vya usafi wa mazingira. Unataka kujua watu kama hao huungana vipi hadi mwenye mamlaka ashindwe kuwapita. Kazi hiyo ina mbinu zake, na mbinu hizo hufundishika. Ukiwa darasani, lazima uzitafute kwa makusudi, kwa sababu katika mtaala wa kawaida hupewa saa chache.

Ya kwanza ni kuongea na mtu mmoja mmoja. Utasema hiyo unaifanya kila siku. Si ile. Wewe sasa unaingia nyumbani na fomu: maswali ni yako, majibu ni ya wizara. Anayeunganisha watu huingia bila fomu, akakaa nusu saa, akauliza mwenyeji wake nini kinamkasirisha, nini kinamtia hofu usiku, nani mtaani anamwamini, na ni lini mara ya mwisho alisimama akatetea jambo. Anatoka pale akijua kama mama huyu ni wa kuja mkutanoni, wa kuwaleta wengine, au wa kuachwa kwanza apone machungu yake. Baada ya mazungumzo 40 ya namna hiyo ndipo unapojua viongozi wa kweli wa mtaa, na mara nyingi si wale wenye vyeo. Ni muuza omena ambaye akisema "kesho tusifungue," soko zima halifungui. Ni mwendesha boda ambaye wenzake humkabidhi pesa za kikundi bila kuhesabu. Mhadhiri mzuri atakufanya uyaandike mazungumzo hayo na kuyajadili darasani. Ukikuta chuo kinachofanya hivyo, usiende mbali tena.

Ya pili ni kugeuza tatizo kuwa dai. Maji ni tatizo. Ukiita mkutano wa "maji," watu watalalamika saa tatu kisha warudi nyumbani wamechoka. Dai ni kitu ambacho mtu mwenye jina na ofisi anaweza kukikubali au kukikataa: kioski kilichofungwa kwenye njia fulani kifunguliwe kabla ya mwezi fulani, bei ya mtungi wa lita 20 ibandikwe mlangoni, mtaro ulio nyuma ya shule uzibuliwe kabla ya mvua za Machi. Dai la kwanza liwe dogo kiasi cha kupatikana, na liwe na maana kiasi kwamba likipatikana watu walione kwa macho. Watu ambao hawajawahi kushinda chochote hawaamini hotuba. Wanaamini bomba lililofunguka.

Ya tatu ni kujua nani hasa anaamua, na hapa ndipo wengi hupoteza mwaka mzima wakipiga kelele kwenye mlango usio wake. Chukua maji ya kwako hapo. KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, ni mali ya kaunti. Bei zake huidhinishwa na WASREB, bodi ya kitaifa ya kudhibiti huduma za maji. Mabomba makubwa na mitambo ni kazi ya wakala wa maji wa Ziwa Victoria Kusini. Tena Nyalenda ina jambo lake: tangu katikati ya miaka ya 2000, KIWASCO imekuwa ikiuza maji kwa jumla kwa vikundi vya wenyeji, navyo husimamia laini, husoma mita na kukusanya pesa. Kwa hiyo mama anayelalamikia bei ya mtungi huenda analalamikia kikundi cha jirani yake, kampuni, au mwenye kioski aliyejiongezea faida. Hao ni watu watatu tofauti, na kila mmoja anashikwa kwa njia yake. Kikundi cha jirani huhitaji mkutano wa wanachama na vitabu vya hesabu kufunguliwa. Kampuni huhitaji barua, na nakala kwa waziri wa maji wa kaunti. Mwenye kioski huhitaji majirani 20 wanaosimama pamoja. Ukikosea hapa, unaweza kuwagombanisha majirani huku mwenye uamuzi akinywa chai ofisini.

Ya nne ni pesa ya umma na kalenda yake. Kama diploma yako haitakufundisha kingine, idai ikufundishe hili. Mwaka wa serikali huanza Julai 1. Lakini pesa za mwaka huo huanza kugawanywa karibu mwaka mzima kabla. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kaunti hupeleka kwa bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha, ile inayosema kila idara isizidi kiasi gani, hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na yote hupitishwa kabla ya Juni 30. Juu ya hayo kuna mpango wa miaka mitano. Ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027, na mradi usiotajwa humo hupata shida sana kupata hela.

Tazama linalotokea mitaani. Watu huitwa kwenye ukumbi mwezi Mei, wanapewa soda na kitabu kinene cha Kiingereza, wanaambiwa hiki ndicho kikao cha ushirikishaji wa umma. Wanasimama mmoja mmoja wakiomba barabara, zahanati, taa. Wanatoka wakisema serikali haisikii. Ukweli ni kwamba mwezi Mei kiasi cha kila idara kilishapangwa mwezi Februari, na orodha ya miradi iliandikwa Agosti iliyotangulia. Asiyekuwepo na lake halipo, na wakati wa kuwepo ulipita pasipo mtu kutangaza kwa sauti kubwa. Kikundi chenye mtu mmoja tu anayeijua kalenda hii hufika Agosti kikiwa na ukurasa mmoja: mtaro, urefu wake, nyumba zinazofurika, gharama kwa makadirio ya fundi. Hukutana na msimamizi wa wadi, hukutana na mwakilishi wadi, kisha hurudi Februari na Aprili kuhakikisha mtaro wao haujadondoka njiani. Hakuna ujuzi mwingine ninaoufahamu ambao mtu wa kawaida anaweza kujifunza kwa wiki chache ukabadilisha mtaa kiasi hicho. Kisumu ina wadi 35, Nakuru 55, Kakamega 60. Kila wadi ikiwa na watu watano tu wa namna hiyo, bajeti za kaunti zitaanza kusomeka tofauti.

Ujue pia kuna Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, lililowekwa na kifungu cha 137 cha sheria hiyo hiyo. Gavana ndiye mwenyekiti, na idadi ya wawakilishi wa wananchi inapaswa kuwa sawa na ya mawaziri wake. Viti hivyo ni vya mashirika yanayowakilisha wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Uliza wa kaunti yako ni akina nani. Mara nyingi swali hilo peke yake hufungua mazungumzo.

Ya tano ni sheria ya kutumia mikononi, na hapa nitapita haraka kwa sababu darasani utaisoma. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, nayo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyamaziwa, unakwenda Tume ya Haki za Kiutawala. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi ajulishwe siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Hiyo ni taarifa, si ombi la ruhusa, na barua yako iandikwe hivyo. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Kila barua, kila mara, nakala yenye muhuri.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa rika lako wananiuliza sana tangu Juni 2024. Vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, Kisumu na Nakuru zikiwemo, na Juni 26 Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Kuna waliopoteza maisha, na hakuna hesabu ya mafanikio inayoweza kuwasahau hao. Wananiuliza: kama simu na mtandao viliweza hayo kwa siku chache, nani anahitaji diploma ya kuunganisha watu? Jibu langu ni kwamba kuwatoa watu barabarani na kuwafanya wabaki pamoja baada ya barabara kufunguliwa ni kazi mbili. Ya kwanza ilifanywa kwa ushujaa. Ya pili huchukua miaka na haionekani kwenye picha.

Huko kwa binamu yako kuna kisa kinachoonyesha hili vizuri. Watu hukumbuka kwamba Desemba 1955, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, Rosa Parks alikataa kumpisha mzungu kiti cha basi, na weusi wa mji wakasusia mabasi kwa siku 381. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za weusi kwa miaka mingi kabla, na kwamba majira ya joto ya mwaka huo huo alihudhuria mafunzo katika shule ya Highlander, jimbo la Tennessee, iliyoanzishwa 1932 kuwafundisha watu wa kawaida kujiunganisha. Usiku aliokamatwa, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha na wanafunzi wake wakichapa vikaratasi kwa maelfu, kwa sababu baraza lao la wanawake lilikuwa limeshajadili kususia mabasi kabla. Kisha makanisa na wenye magari wakapanga safari za kuwapeleka watu kazini kila asubuhi. Kususia siku moja kunahitaji hasira. Siku 381 zinahitaji ratiba, mweka hazina mwaminifu, na mtu wa kujua mama fulani anatoka zamu saa ngapi. Hayo ndiyo masomo unayoyaulizia.

Na kwa kuwa unaishi mwendo mfupi kutoka Siaya, utaambiwa habari za Barack Obama, ambaye ukoo wa baba yake uko huko, kwamba naye alikuwa mwunganishaji wa jamii huko Chicago kuanzia 1985. Ni kweli. Alifanya kazi miongoni mwa wakazi wa nyumba za umma za Altgeld Gardens, waliodai asbesto iondolewe katika makazi yao. Lakini mtaani hapo alikuwepo Hazel Johnson, mkazi na mama wa watoto saba, ambaye mwaka 1979 alikuwa ameshaanzisha kikundi cha majirani kuhusu sumu zilizozunguka nyumba zao. Kijana aliyesoma alikuja, akajifunza, akaondoka 1988 kwenda kusomea sheria. Hazel Johnson alibaki. Ukienda chuoni, wewe uko upande wa Hazel Johnson, na wahadhiri wako wanapaswa kujua hivyo.

Nirudi kwenye kuchagua chuo. Nenda mwenyewe, usimalize kila kitu kwa simu. Uliza wanafunzi wa mwaka wa pili, si ofisi ya usajili. Waulize wamefanya kazi ya nyanjani mtaa gani, kwa muda gani, na nani aliwatembelea huko. Waulize kama wamewahi kusoma bajeti halisi ya kaunti, kurasa zake, au walipewa maelezo tu ya bajeti ni nini. Waulize kama kuna mhadhiri aliyewahi kuongoza kikundi, chama cha wafanyakazi, chama cha akiba au hata kamati ya kisima. Muda wa mafunzo kazini ukifika, utashawishika kwenda kukaa katika ofisi yenye kiyoyozi Milimani. Omba upelekwe ofisi ya bunge la kaunti inayopokea maombi ya wananchi, au idara ya fedha na mipango ya kaunti. Miezi mitatu ndani ya ofisi hizo itakuonyesha barua za wananchi hukwama meza gani, na kwa nini. Ujuzi huo hutaupata kwa njia nyingine.

Kuna mambo mawili magumu ambayo darasa huyagusa juu juu, nami sitaki uyakute barabarani peke yako.

La kwanza ni posho. Mtaa wetu umezoeshwa na miradi kwamba ukiketi mkutanoni unalipwa nauli. Utaita mkutano wa mtaro unaofurika nyumba ya mtu mwenyewe, naye atakuuliza, "Kuna kitu?" Usimkasirikie, amefundishwa hivyo na watu wenye magari makubwa. Lakini usilipe. Ukilipa mara moja, umekuwa mradi. Fanya mikutano mifupi, karibu na nyumba za watu, saa ambayo mama mboga ameshafunga, na kila mkutano uishe na jambo lililoamuliwa na jina la atakayelifanya. Anza na watu 12 wanaokuja bure. Na wachange. Hata shilingi 20 kila wiki, iandikwe kwenye daftari ambalo kila mtu anaweza kulifungua. Kikundi kinachochangiwa na wenyewe hakiwezi kununuliwa kwa urahisi, na watu hulinda kilichobeba pesa zao. Mkifika watu 10 na zaidi mnaweza kujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kwa afisa wa maendeleo ya jamii, mkafungua akaunti na kuandika barua kwa jina lenu.

La pili ni siasa za uchaguzi. Ukifaulu kuunganisha watu 200, mtu mwenye nia ya kugombea atakuja na fulana. Atakuahidi cheo, atalipia hema, atawasalimia wazee kwa heshima kubwa. Hapa kwetu jambo hilo huchanganyika na ukoo na chama, na kikundi kilichochukua miaka mitatu kujengwa kinaweza kupasuka kwa alasiri moja. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, kwamba kikundi hakimuungi mtu mkono. Mwaliko uende kwa wagombea wote siku moja, waketi mbele, waulizwe maswali yale yale kuhusu mtaro na maji, majibu yaandikwe. Wewe mwenyewe ukitaka kugombea siku moja, ni haki yako. Jiuzulu kwanza uongozi wa kikundi. Kwa kuwa wewe ni mhamasishaji wa afya na unapokea marupurupu kutoka serikali ya kitaifa na kaunti, jihadhari pia usitumie sare na mkoba wa kazi hiyo kuitisha mikutano ya madai. Vua sare, nenda kama jirani.

Kuhusu ajira nitasema machache. Diploma hiyo inaweza kukufungulia nafasi katika mashirika, katika idara za kaunti za jinsia, vijana na huduma za jamii, na katika miradi ya maji na makazi. Nafasi ni chache kuliko wahitimu. Kinachomtofautisha mwombaji ni kitu alichowahi kukikamilisha akiwa na watu: ombi lililowasilishwa, mradi uliofuatiliwa hadi fundi akafika, kikundi kilichodumu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokuacha nyumba zako unapoingia darasani. Ukiweza kupata masomo ya jioni au ya kipindi cha likizo, yachukue, hata kama yatachukua mwaka zaidi.

Pesa za binamu yako, usizikatae. Mweleze kwamba hutahitaji viza. Mwombe akulipie muhula wa kwanza, kisha umwombe akutumie muhtasari wa masomo wa chuo kimoja cha jamii chenye fani hiyo; vyuo vingi huuweka wazi. Uchukue muhtasari huo siku ya kwanza ya darasa, uuweke kando ya ule wa diploma yako, na uone kipi kimepungua. Yaliyopungua ndiyo utakayoyatafuta nje ya darasa, na hayahitaji kusubiri usajili: wiki hii andika barua ya ukurasa mmoja kwa idara ya fedha ya kaunti, ukiomba orodha ya miradi iliyopangiwa wadi yako katika mwaka huu wa fedha, kiasi cha kila mmoja na jina la mwanakandarasi. Taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri, na tarehe ya siku ya 21 iandike kwenye kalenda yako.